Mayai ya Siku ya Kumi na Nne

Jumatatu, 8 Mei 2000

Tumerudi kazini. Ijumaa majeshi mawili ya wageni, Warwanda na Waganda, walipigana ndani ya mji usio wao, na mimi na Mama tulijibanza chini ya kitanda nyumbani Kabondo mpaka magoti yakafa ganzi. Leo redio inasema wamepatana. Maduka ya Makiso, katikati ya mji, yamefungua nusu mlango. Watu wa toleka, wabeba abiria, wamerudi barabarani na baiskeli zao, lakini hawapigi kengele.

Maabara yetu ya chuo kikuu imepona, isipokuwa vioo viwili vya dirisha. Profesa Timothée alifika kabla yetu na alikuwa akivifagia mwenyewe. Hakutuuliza mimi na mwenzangu Osée tumelalaje. Alisema tu, "Bon. Tulikuwa tumefika wapi?"

Daftari la maabara ni la Kifaransa na lina nafasi ya joto la sanduku la kutotolea na tarehe za mayai. Hili langu naliandika kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani kwetu, ili niweke yale ambayo lile halina nafasi yake.

Alhamisi, 11 Mei

Mvua. Umeme umekatika mara mbili. Mayai ya majaribio yamepoa, yote yamekufa.

Jumanne, 16 Mei

Mama ameniuliza tena, huku akichambua pondu, majani ya muhogo, ni kazi gani hii ya kukaa na mayai bila kuyapika.

Nikajaribu tena. Nilimwambia ndani ya mifupa ya mgongo kuna ugwe laini tunaouita uboho, na ndani ya uboho mnapita nyuzi za neva zinazopeleka habari kutoka kichwani mpaka kidole cha mguu. Uzi ukiwa mtupu, habari inakwenda polepole na nyingine inapotea njiani. Basi kuna seli ambazo kazi yao ni kuuvika uzi huo. Zinauzungushia utando wa mafuta, tabaka juu ya tabaka, kama yeye anavyofunga samaki wa liboke kwa majani. Utando huo ni mielini. Seli zenyewe zina jina refu, oligodendrositi. Sisi watatu maabarani tunaziita wavikaji.

"Na hao wavikaji wanatoka wapi?"

Hapo ndipo penye kazi yetu. Kifaranga akiwa bado hana sura ndani ya yai, uboho wake ni bomba jembamba. Wavikaji huanza kuzaliwa upande wa tumbo wa bomba hilo, chini kabisa, halafu wanatembea kwenda kutafuta nyuzi. Huzaliwa pale kwa sababu chini ya bomba umelala ukamba mdogo, notokodi, unaowaamuru wazaliwe. Watu wa Ulaya wameshaonyesha kwamba ukichukua kipande cha ukamba huo katika yai moja, ukakipandikiza upande wa mgongo katika yai lingine, wavikaji wanazaliwa hapo pia, mahali pasipo pao. Profesa anataka kujua jambo moja zaidi. Hao waliozaliwa mahali pasipo pao, je, wanavika kweli? Au wanakaa bila kazi mpaka wafe?

Mama alisikiliza yote mpaka mwisho.

"Na ukishajua, umeme utarudi?"

"Hapana, Mama."

"Basi kula kwanza."

Ijumaa, 19 Mei

Osée ni Munande wa Butembo, mji wa mbali mashariki, mtoto wa wafanyabiashara wa jumla. Mwaka mzima tumekaa meza moja na bado sijui anafikiri nini. Leo nimemwona mbele ya duka la tonton, mjomba wake, akizungumza na askari wawili, tena akicheka. Nilipita bila kusalimia.

Alipofika maabarani alisema, "Karima, umenipita kama mutu asiyenijua."

Nilimwambia sikumwona. Alikaa akanoa sindano zake.

Mikono yake ni mizuri kuliko yangu, hilo siwezi kulikataa. Lakini nadhani siku mambo yakiharibika yeye ana ndege za kwao na ana Butembo, na mimi nitabaki hapa na Profesa na mayai. Mtu mwenye mlango wa kutokea hafanyi kazi kama mtu asiye nao.

Jumatano, 24 Mei

Mayai yameingia sandukuni leo. Profesa ameandika ubaoni kwa chaki: siku ya 14, tarehe 7 Juni. Akapiga mstari chini yake mara mbili.

Niandike sababu, maana siku hii nitaiota. Ulaya wana dawa za kumtambua mvikaji akiwa mchanga, kabla hajavika kitu. Sisi hatuna. Tuna kichupa kimoja cha asidi ya osmiki, ambayo inatia mielini rangi nyeusi. Kwa hiyo sisi tunaweza kumjua mvikaji kwa kazi yake tu, na katika uboho wa kifaranga kazi hiyo inaanza kuonekana siku ya kumi na tatu. Inaanza upande wa tumbo, mgongo unafuata nyuma. Siku ya kumi na mbili nyuzi ziko tupu. Yai likifa siku ya kumi na mbili, ni kama hatukufanya lolote.

Ijumaa, 26 Mei

Upasuaji. Osée alikata dirisha katika ganda la kila yai, dogo kama ukucha wa kidole gumba. Ndani, juu ya kiini cha manjano, kiinitete kimelala kama uzi wa pamba, na moyo wake unapiga tayari. Mimi nilishika taa na kuhesabu pumzi za Osée. Alichukua kipande cha notokodi kwa ncha ya sindano, akakiingiza kando ya bomba la kiinitete kingine, upande wa kulia, karibu na mgongo. Upande wa kushoto hakuugusa, ili tuwe na cha kulinganisha. Halafu gundi ya karatasi juu ya dirisha. Kuanzia sasa mayai hayo hayageuzwi. Dirisha litazame juu siku zote.

Katikati ya kazi bunduki zililia upande wa daraja la Tshopo. Mkono wangu uliruka na taa ikayumba. Wake haukuruka. Alingoja taa itulie, akaendelea.

Jumapili, 28 Mei

Malori ya askari yamepita asubuhi yote.

Jumatano, 31 Mei

Tumeyaangalia mayai kwa taa. Kati ya yale yaliyopasuliwa, kumi na moja yako hai. Profesa alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei mbaya. Mimi niliona ni mengi.

Mwanamke anayeuza kwanga, mikate ya muhogo, nje ya geti anasema wenye magari wanatoa familia mjini.

Ijumaa, 2 Juni

Tonton wa Osée amempatia nafasi katika ndege ndogo ya Butembo, kesho, kutoka uwanja wa Simi-Simi. Alimwambia Profesa mbele yangu, wima, mikono nyuma, kama mwanafunzi.

Profesa hakuinua macho kwenye darubini. "Siku ya kumi na nne ni Jumatano," alisema. "Wewe ndiye uliyepasua. Lakini mimi siwezi kumzuia mutu kuishi."

Ndani yangu nilikuwa na furaha mbaya, ya mtu aliyebahatisha ukweli. Nilijua tangu zamani.

Jumamosi, 3 Juni

Nilifika saa mbili asubuhi na Osée alikuwa anasoma kipimajoto cha sanduku.

"Ndege?" niliuliza.

"Imekwenda."

Akaandika joto daftarini.

Jumatatu, 5 Juni

Naandika katika korido la chini, mgongo ukutani.

Asubuhi nilikuwa nimefika tu, hata sijavua viatu vya mvua. Bomu la kwanza lilianguka mbali, la pili karibu, na la tatu liliondoa vioo vyote vya upande wa mto. Umeme ulizimika pale pale. Osée alikuwa tayari anabeba sanduku. Alisema, "Shika upande huo, taratibu, lisiinamie." Tulishuka ngazi kama watu wanaobeba maiti, hatua kwa hatua, na mabomu yakipita juu ya paa kwa sauti ya kitambaa kinachochanika.

Profesa anaishi ng'ambo ya daraja. Hataweza kufika leo.

Korido hili lina kuta nene, na watu wa karibu wanalijua. Kabla ya saa sita walikuwa wameingia zaidi ya thelathini, na magodoro, na sufuria, na mbuzi mmoja. Yule mama wa kwanga yuko hapa pia. Anaitwa Annette. Ana watoto watatu, wa mwisho yuko mgongoni na ana homa.

Hatujui bomu lipi ni la nani. Wanapigana wao kwa wao, na sisi tuko katikati.

Tulikuwa na mabaki ya gunia la makaa kwa siku za umeme kukatika. Tumewasha mbabula moja, jiko la makaa, mwisho wa korido, mahali penye hewa, na sanduku tumeliweka kando yake. Nakaa na kipimajoto mkononi. Joto likipanda nalisogeza sanduku mbali, likishuka nalirudisha. Leo ni siku ya kumi na mbili. Nyuzi bado ziko tupu.

Namwomba Mungu amlinde Mama. Kabondo kunasikika vibaya.

Jumanne, 6 Juni

Bomba la maji limekauka tangu jana. Nje kuna pipa la maji ya mvua, lina viluwiluwi. Mtoto wa Annette ameanza kuharisha.

Saa nne Annette alikuja na sufuria. "Mademoiselle, unisaidie moto kidogo. Maji ya mutoto ichemke."

Makaa yalikuwa yamebaki kama ya nusu siku. Ukiweka sufuria juu ya mbabula, joto lote linakwenda kwenye maji, sanduku linapoa. Nilimwambia makaa haya ni ya maabara.

Aliangalia sanduku. "Iko nini ndani?"

"Mayai."

"Ya kula?"

"Hapana. Ya kazi."

Hakukasirika, na hilo ndilo baya. Alibaki amesimama na sufuria yake, kama mtu anayengoja mkubwa amalize kuongea. Watu wote wa korido walikuwa wananitazama. Nilikuwa na maneno ya kusema: kwamba ni kesho tu, kwamba kazi ya mwaka mzima imo ndani ya sanduku. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililotoka mdomoni.

Osée alitoka upande wa pili. Alichukua sufuria mkononi mwa Annette akaiweka juu ya moto, bila kuniuliza. Halafu alichuchumaa mbele yangu.

"Karima. Joto iko hata kwa mutu."

Akafungua vifungo vya shati. Akatoa yai moja sandukuni, dirisha likitazama juu, akaliweka juu ya tumbo lake, akalifunga na shati na mkanda. Akaegemea ukuta nusu amelala, hawezi tena kukaa wala kusimama. Akatoa la pili.

Mimi nilichukua matatu. Nilijilaza juu ya mkeka, nikayapanga chini ya kitenge, na ubaridi wa maganda ukanishika mpaka mgongoni. Yalibaki sita, na hayakuwa na mtu.

"Mayai hii iko na nini?" Annette aliuliza. Alikuwa ameketi karibu, mtoto mapajani, anangoja maji yachemke.

Nilimweleza. Kwa Mama nilikuwa nimejaribu mara kumi, na sikuwahi kueleza vizuri kama leo nikiwa chali sakafuni. Nilimwambia kuna vifaranga vyenye uboho mgongoni, kuna nyuzi zisizovikwa bado, na kesho tutaona kama zimevikwa. Nilimwambia tunataka kujua kama seli iliyozaliwa mahali pasipo pake inaweza kufanya kazi yake.

Alifikiri. "Na ile mumekata, ilikufa?"

"Nyingine zilikufa. Hizi ziko hai."

"Lete mbili," alisema. "Nimebeba tatu ya kwangu."

Baada yake wakaja wanawake wengine wawili, na mzee mmoja mwenye tumbo kubwa ambaye watu walimcheka. Hicho kilikuwa kicheko cha kwanza tangu jana. Mchana wote tulilala pale, watu sita juu ya mikeka, tukiangalia dari, na kila bomu likipiga tulishika matumbo yetu kwa mikono miwili.

Maji yalichemka. Mtoto alikunywa.

Jumatano, 7 Juni

Siku ya kumi na nne.

Baada ya kulala nayo tumboni usiku kucha, tulifungua mayai saa nne asubuhi kwa mwanga wa mlango. Saba yalikuwa yamekufa, mengine nadhani tangu jana kabla hatujayatoa sandukuni. Manne yako hai. Mawili ya Annette yote yako hai. Alipomwona kifaranga wa kwanza akikunja mguu, na manyoya yake ya kwanza yameloa, alisema polepole, "Ah, iko kuku kabisa." Kisha akageuka, hakutaka kuona kinachofuata.

Osée alifanya kilichofuata. Nilishika kichupa cha osmiki kwa kitambaa, pua imefungwa, na tulifanyia kazi hiyo mlangoni ili hewa yake ya sumu isirudi kwa watu. Vipande vinne vya uboho, vyembamba kama njiti ya kiberiti, viko ndani ya vichupa vinne. Kesho vinahitaji kuoshwa kwa maji safi mengi, vinginevyo vitaharibika.

"Kwa nini hukwenda Butembo?" nilimuuliza.

Alikuwa anafuta sindano. "Wewe hukati vizuri," alisema. "Ungeharibu yote."

Alikuwa anacheka. Nami nikacheka. Nilitaka kumwambia kuhusu ile siku ya duka na askari, ila bomu lilipiga na tukalala chini. Yeye mwenyewe alisema baadaye, bila kuulizwa, kwamba wale askari walikuwa wamechukua gari la tonton wake, naye alikwenda kucheka nao mpaka walirudishe.

Alhamisi, 8 Juni

Osée amepigwa.

Nilisema maji yamekwisha. Mimi ndiye niliyesema. Kulikuwa na utulivu tangu alfajiri. Alichukua ndoo mbili, moja ya watu na moja ya kuoshea vichupa. Pipa liko hatua chache tu kutoka mlangoni. Bomu lilianguka nyuma ya ukuta wa geti, na yeye alikuwa ameinama.

Kipande kimeingia mgongoni, juu kidogo ya kiuno. Hatoki damu nyingi. Yuko macho. Ameniambia, "Sisikii miguu."

Jumamosi, 10 Juni

Alhamisi mchana wanaume wanne walimbeba juu ya mlango wa maabara mpaka kituo cha afya cha masista. Nilikwenda nao, nikishika kichwa chake kisitikisike. Barabara nzima hatukukutana na mtu anayetembea wima. Masista wamejaza wagonjwa mpaka kwenye viti vya kanisa dogo. Wametoa kipande cha chuma. Kilichokatika ndani hawawezi kukishona, na hakuna anayeweza, popote.

Nilirudi nikaosha vichupa. Ndoo moja ilikuwa imebaki wima na maji yake. Niliosha huku nalia, na niliosha vizuri.

Jumapili, 11 Juni

Kimya. Watu wametoka nje na wanatembea kama waliotoka kuumwa. Mama yuko hai. Nyumba ya jirani haipo.

Annette ameondoka na watoto wake. Alinishika mikono yote miwili. "Dada, utaniambia kama ilivikwa."

Jumatatu, 12 Juni

Profesa amefika kwa miguu, suruali imechanika gotini. Alisimama mlangoni, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mayai?"

Nilimwambia manne yamefika siku ya kumi na nne na yako vichupani.

"Na Osée?"

Nilimwambia. Alikaa akafungua daftari la maabara, akaanza kuandika tarehe. Nilimchukia kiasi kwamba nilitoka nje nisimwone.

Ijumaa, 16 Juni

Nimekwenda kwa Osée. Alinifanya nikae karibu na kichwa.

"Karima, usinidanganye. Masista wanasema tungoje, tusali. Sawa, nasali. Lakini wewe iko unajua."

Nilijua, na yeye anajua kama mimi. Tumesoma makala zile zile kwenye meza moja. Ukikata uboho wa kifaranga kabla wavikaji hawajaanza kazi, nyuzi zinaota tena, zinapita pale palipokatwa, na kifaranga anatotolewa akitembea. Ukikata baada ya hapo, hazipiti. Mielini inayoupa uzi mbio zake ni kati ya vitu vinavyouzuia kuota upya. Nusu ya sababu ya mimi kuipenda kazi hii ilikuwa habari hiyo. Ilikuwa nzuri sana kwenye karatasi.

"Kabla ya siku ya kumi na tatu inajiunga," nilisema. "Baadaye haijiungi."

"Na mimi niko na miaka makumi tatu na mbili."

"Ndiyo."

"Donc nimechelewa kidogo."

Alitaka kucheka na ikamshinda. Aligeuza uso ukutani. Niliweka mkono begani kwake, mahali ambapo bado anasikia, na nilikaa hivyo mpaka sista akaja kuniambia nitoke.

Jumatano, 21 Juni

Leo nilikwenda kwa masista mapema kuliko kawaida, kabla ya kazi. Mtu alikuwa ameinama juu ya kitanda cha Osée, mikono ya shati imekunjwa, beseni miguuni. Alikuwa Profesa. Alimgeuza Osée ubavu, taratibu, mkono mmoja begani na mwingine kiunoni, akamsafisha alivyojichafua, akampaka mafuta mgongoni, akaweka mto katikati ya magoti. Alifanya yote bila kusema na bila kuharakisha, na ilionekana si mara ya kwanza.

Sista aliniambia anakuja kila siku tangu tarehe kumi na mbili. Asubuhi na jioni, ili ngozi isioze.

Nilirudi nyuma kabla hawajaniona. Nilikwenda maabarani nikasubiri. Alipofika aliniuliza kwa nini nta ya kugandishia uboho haijapata moto bado.

Jumatano, 28 Juni

Umeme siku mbili mfululizo. Nimekata vipande vya uboho kwa mashine. Vyembamba kiasi kwamba ukivuta pumzi vinaruka.

Jumanne, 4 Julai

Nilitazama kwenye darubini peke yangu kwanza. Yai la kwanza, hakuna tofauti kati ya kulia na kushoto. La pili, vivyo hivyo. La tatu nililiharibu mimi mwenyewe katika kukata. La nne nilitazama, nikasimama, nikazunguka meza, nikatazama tena. Sikumwita Profesa. Nilifunga darubini kwa kitenge na nikakodi toleka mpaka kwa masista. Mwenye baiskeli alisukuma kwa mkono njia yote kwa sababu nilimkataza kupanda juu ya mashimo.

Osée analazwa kifudifudi siku hizi, kuna kidonda. Tuliweka darubini juu ya kiti kando ya dirisha, kioo kikitazama mwanga, tukasogeza kitanda mpaka jicho lake lifike. Profesa alikuwa pale na beseni lake. Hakuniuliza kwa nini sikumwonyesha yeye kwanza.

Osée alitazama muda mrefu. Vidole vyake vilizungusha skrubu kwa wepesi wa pumzi tu, kama zamani.

"Upande wa tumbo iko nyeusi," alisema. "Kawaida."

"Ndiyo."

"Juu, kushoto, hakuna. Nyeupe." Akasogeza kipande. "Juu, kulia." Akazungusha skrubu kidogo. "Hapa nilipoweka. Iko pete nyeusi. Ndogo. Moja, mbili... iko nyingi. Karima, zimevika."

Profesa aliweka beseni chini, akainama akatazama, kisha akamrudishia Osée darubini.

"Ni yai moja," Osée alisema.

"Moja kati ya manne," nilisema.

"Haitoshi."

"Haitoshi," alisema Profesa. "Itakuwa bahati tu mpaka tuone kumi."

Walisema hivyo wote wawili kwa sauti ya kazi, na kwa dakika hiyo hapakuwa na mgonjwa ndani ya chumba. Kisha Osée alitoa jicho kwenye darubini. Uso wake ulikuwa umeloa, na hakuufuta.

"Hii yai ilikuwa tumboni mwa nani?"

Niliangalia alama kwenye kipande cha kioo. "Ya Annette."

"Mumwambie."

Nilisema nitamtafuta. Aliuliza mayai mengine yataingia lini. Sote tulikuwa tunafikiri kitu kimoja, nani atapasua. Yeye ndiye aliyesema.

"Mikono yangu iko mizima. Masista wameniahidi kiti cha magurudumu. Lakini meza yetu iko juu sana."

Alhamisi, 6 Julai

Nimempata Annette kwenye soko la Makiso, nyuma ya kwanga zake. Nilimwambia zimevikwa. Alicheka mpaka akaziba mdomo, kisha akamwambia mwenzake wa meza ya pili kwamba ana kuku aliyesoma chuo kikuu. Mtoto amepona.

Nilipofika maabarani nilimkuta Profesa amepiga magoti sakafuni na msumeno, anakata miguu ya meza ya upasuaji. Alikuwa ameshakata mmoja na jasho linamtoka.

"Shika upande ule," alisema. "Isitikisike."

Nilishika.